Mwanafunzi Ameridhika, Mgonjwa Je?

Kila muhula naulizwa lilelile: "Wanafunzi wa uuguzi wanaosoma mtandaoni wameridhika?" Wameridhika. Mtu anayesoma usiku baada ya zamu, bila nauli wala kuomba ruhusa kazini, ataachaje kuridhika? Afadhali mniulize wanajua kufanya nini.

Hii imani kwamba fomu ya maoni ya wanafunzi iliyojaa alama tano kwa tano ni ushahidi wa elimu imenichosha. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walilinganisha wanafunzi wa fizikia: wengine walisikiliza mhadhara uliopangika vizuri, wengine walihangaika na maswali wenyewe. Waliohangaika walipata alama nzuri zaidi kwenye mtihani, na ndio hao waliodhani wamejifunza kidogo. Fomu ingempa tuzo mhadhiri asiyestahili.

Kwetu kosa hilo linamwangukia mgonjwa. Aliyetazama video ya kuweka kanula hadi akaikariri atajaza fomu kwa furaha. Mlete wodini. Kafunga mkono wa bibi wa watu, kauona mshipa, lakini hakuivuta ngozi, kwa hiyo mshipa unateleza chini ya sindano. Anachoma tena. Damu inaonekana kwenye kanula, naye badala ya kutelezesha mrija wa plastiki anasukuma sindano nzima mpaka inatokea upande wa pili wa mshipa. Mkono unavimba. Fomu haikumuuliza lolote kuhusu vidole vyake.

Nanyi mnaosema muuguzi hawezi kusomea mtandaoni kabisa, punguzeni sauti. Kenya ilianza mwaka 2005, shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi walipoanza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa kompyuta, wakiwa bado kazini. Waliohitaji kupandishwa walizidi 20,000. Madarasa yangewamaliza lini? Ila mazoezi ya vitendo hayakuhamishwa. Yalibaki hospitalini.

Sasa la kufanya. Anatomia, famakolojia na nadharia nyingine ziende mtandaoni, kwa faili nyepesi za kupakua mapema, maana bando linanunuliwa. Ustadi ufundishwe kwa mdoli, kisha kwa mgonjwa, mkufunzi akisaini tu alichokiona kwa macho yake. Mtihani wa vitendo uwe kabla ya zamu ya kwanza, si baada. Na kama fomu ni lazima, ijazwe mhitimu akishazoea kazi, na ajaze pia msimamizi wa wodi yake.