Mnara Usio na Majina Haulipi Deni

Taifa linalowapeleka vijana wake vitani huingia katika deni ambalo haliandikwi katika daftari lolote la Hazina. Askari hulipa sehemu yake mara moja tu, kwa roho yake. Sehemu inayobakia ni yetu sisi tuliolala salama, nayo yapasa kulipwa kwa mjane, kwa yatima na kwa mzazi aliyempa mwanawe baraka za safari. Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Je, sisi Wakenya tumelipa?

Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba: askari wawili na mpagazi mmoja. Ziliwekwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 kwa heshima ya Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake, ambayo yamo pia kwa Kiswahili, yawaahidi wapiganaji hao kuwa hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Lakini msomaji akiuzunguka mnara huo mara saba, hataona jina hata moja la Mwafrika aliyefia vita hivyo.

Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina la kikosi chao lingali hai katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa zaidi ya 40,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na njaa, kuhara damu na nimonia. Na kwa kuwa majina yao hayakutunzwa ipasavyo, mishahara ya maelfu yao haikuwafikia jamaa zao. Hapo ndipo tunapoona kuwa jina si pambo la jiwe. Jina ndilo njia ya haki kumfikia mjane. Likipotea jina, na haki nayo hupotea.

Mnamo Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo iliomba radhi. Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka mia moja, wajane wote wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Bila shaka wapo watakaosema kuwa hayo yalikuwa ya mkoloni. Basi tuyatazame ya kwetu. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab waliishambulia kambi ya askari wetu huko El Adde, nchini Somalia. Siku kumi na mbili baadaye marais watatu, wa Kenya, Nigeria na Somalia, walihudhuria ibada ya kumbukumbu mjini Eldoret. Hata hivyo, idadi ya waliouawa haikutangazwa na Serikali. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia alitaja kati ya watu 180 na 200, nalo jeshi letu likakanusha. Taifa likaachwa likibishana juu ya hesabu, ilhali kila mmoja katika hesabu hiyo alikuwa na jina aliloitwa na mama yake.

Yasemwa kuwa adui hapaswi kuijua hasara yetu. Hoja hiyo ina uzito siku ya mapambano, lakini siri ya vita nayo huzeeka. Baada ya miaka, anayefichwa si adui tena, bali ni mwananchi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hebu tufikirie hali ya mke ambaye mumewe hakurudi, wala maiti yake haikurudi. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa tangu siku ya kifo. Ataanza lini asiyejua siku hiyo? Miongoni mwa Waluo, maiti isipopatikana huzikwa tunda la mwegea badala yake. Lakini ni mzazi gani atakayelizika tunda hilo ilhali moyo wake ungali unasikiliza mlango? Nayo Sheria ya Ushahidi yaruhusu mtu kuhesabiwa amefariki iwapo hakusikika kwa miaka saba. Miaka saba ni umri wa mtoto kuzaliwa na kuingia shule!

Kila tarehe 14 Oktoba majeshi yetu huadhimisha siku yao. Ingefaa siku hiyo majina ya wote waliofia kazini yasomwe hadharani na kuchapishwa magazetini. Ingefaa pia yachongwe mahali ambapo mzazi kutoka kijijini aweza kufika na kuligusa jina la mwanawe bila ya kuomba ruhusa langoni. Na kwa familia za waliopotea, sheria iweke muda mfupi zaidi, na Serikali iwape barua rasmi yenye tarehe, ili waliofiwa waweze kuomboleza na kudai haki yao.

Ahadi ile ya barabara ya Kenyatta iliandikwa na wageni, nao hawakuitimiza. Sasa nchi ni yetu, na askari ni wetu.