Plagi ya Nane: Jinsi ya Kufungua Plagi Isiyofikika kwa Mkono

Injini ya petroli haifanyi kazi bila cheche, na cheche hiyo hutolewa na plagi. Chombo hiki cha chuma na kauri hushikiliwa kwa hesi katika kichwa cha silinda, ncha yake ikiwa ndani ya chumba cha mwako na mkia wake ukiwa nje. Katika magari mengi plagi huonekana mara tu boneti inapofunguliwa, na fundi huzibadilisha zote kwa muda mfupi. Lakini yako magari, hasa yale ya kasi yaliyotiwa injini kubwa ndani ya bodi ndogo, ambayo baadhi ya plagi zake hazionekani wala hazifikiki kwa mkono. Mfano ulio mashuhuri ni Sunbeam Tiger, gari la viti viwili lililotengenezwa Uingereza kati ya 1964 na 1967.

Gari hilo lilitokana na jingine lililolitangulia, Sunbeam Alpine, lenye injini ya silinda nne. Alpine lilipendeza macho, ila nguvu zake zilikuwa chache. Mwaka 1963 Ian Garrad, aliyekuwa mwakilishi wa kampuni ya Rootes huko California, alishirikiana na Carroll Shelby, dereva wa mashindano aliyegeuka kuwa mtengenezaji wa magari, kuijaribu injini ya Ford ya silinda nane ndani ya bodi ile ile. Injini hiyo ilikuwa ya lita 4.3 na yenye nguvu za farasi 164. Iliingia, lakini kwa shida. Kazi ya kuunda magari yenyewe ilipokabidhiwa kiwanda cha Jensen cha West Bromwich, wafanyakazi walilazimika kuupiga kwa nyundo kubwa ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, ingawa ulikuwa umekwisha kupakwa rangi, ili injini ipate kupita.

Sababu ya msongamano huo ni umbo la injini. Silinda nane za V8 hupangwa katika safu mbili zinazoachana kwa pembe ya nyuzi 90, mfano wa herufi V. Kabureta hukaa katikati, juu ya bonde la V. Bomba za moshi hutoka ubavuni, na plagi nazo huelekea ubavuni, jirani na bomba hizo. Kwa hiyo sehemu ambayo fundi huihitaji zaidi ndiyo iliyo karibu zaidi na kuta za bodi. Katika Tiger, silinda za kulia huhesabiwa 1 hadi 4 kuanzia mbele, na za kushoto 5 hadi 8. Ya nane, basi, ndiyo iliyo nyuma kabisa upande wa kushoto, imebanwa kati ya bomba la moshi na ukuta uliopigwa nyundo.

Wahandisi wa Rootes walitoboa tundu katika ukuta huo na kuliziba kwa kizibo cha mpira. Anayetaka kuifikia plagi huingia ndani ya gari, hukunja zulia lililo miguuni, huondoa kizibo, kisha hupitisha spana kutoka upande wa abiria kwenda upande wa injini. Wengi wamelicheka tundu hilo. Hata hivyo ni uungwana wa kihandisi: aliyelichora alitambua kwamba iko siku mtu atahitaji kupita hapo. Katika Chevrolet Monza ya Marekani ya 1975, iliyotiwa V8 kwa mtindo huo huo, hapakuwa na huruma ya namna hiyo. Ili kuifikia plagi moja, mafundi walilegeza kishikilio cha injini na kuiinua injini yenyewe kidogo kwa jeki.

Matokeo ya usumbufu huu yanajulikana katika gereji nyingi: plagi saba hubadilishwa na ya nane huachwa. Uvivu huo una gharama. Kila cheche hula chembe za chuma kutoka katika ncha za plagi, na pengo kati ya ncha hizo, ambalo kwa kawaida halifiki milimita moja, hupanuka. Pengo likipanuka, volti zinazohitajika kulivuka huongezeka, nazo tangu hapo ni maelfu kwa maelfu. Hatimaye cheche hukosekana. Petroli ambayo haikuungua huosha mafuta ya kulainisha katika kuta za silinda na kutoka nje pamoja na moshi. Wakati huo huo plagi iliyosahauliwa huzidi kushikana na kichwa cha silinda kwa kutu na masizi, hata siku ya kuifungua ikifika, haifunguki.

Hapo ndipo fundi mwenye haraka hutumia nguvu, na hapo ndipo huharibu. Tatizo la plagi iliyojificha ni la mwelekeo zaidi kuliko la nguvu. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba momenti ya kani ni zao la kani na umbali wake kutoka katika mhimili. Mpini mrefu huongeza momenti hiyo, lakini spana ikiinama nje ya mhimili wa plagi, sehemu ya kani haizungushi tena; hupinda. Kauri hustahimili sana kubanwa, lakini haistahimili kupindwa, nayo hupasuka. Ufa wake huenda usionekane, lakini umeme huuona.

Ili kupita kona, fundi hutumia vipande vya kurefushia spana pamoja na kiungo kinachopinda, kama kile kilicho katika shafti ya gari. Kiungo hiki kina tabia ambayo mkono hauitambui upesi. Kikipindwa nyuzi 30, momenti inayofika kwenye plagi hupanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko, kati ya asilimia 87 na 115 hivi ya ile iliyotolewa na mkono. Fundi hudhani plagi imelegea, kumbe ni kiungo; au hudhani imekwama, kumbe bado. Kwa hiyo yafaa pembe iwe ndogo kadiri tundu linavyoruhusu.

Kazi yenyewe huanza injini ikiwa imepoa. Jambo hili linastahili kuelezwa, kwa maana hesabu huelekea kulipinga. Katika magari ambayo kichwa cha silinda ni cha alumini, tundu la milimita 14 likipashwa joto la nyuzi 80 zaidi hupanuka kwa milimita 0.026, na chuma cha plagi kwa milimita 0.013 tu. Ingeonekana basi kwamba plagi hutoka kwa urahisi injini ikiwa moto. Lakini faida hiyo ya milimita 0.013 ni ndogo kuliko unene wa unywele, ilhali hesi ya alumini ni laini na joto huzidi kuidhoofisha; masizi yakikwaruza, huing'oa. Kichwa cha silinda cha Tiger ni cha chuma, chenye upanukaji karibu sawa na wa plagi, hivyo hatari hiyo ni ndogo. Hata hivyo bomba la moshi lililo jirani huunguza mkono vile vile.

Kabla ya kulegeza chochote, vumbi lililozunguka plagi hupulizwa, hata kwa pampu ya baiskeli, lisije likaangukia ndani ya silinda. Plagi ikizungushwa robo mzunguko kisha ikagoma, hutiwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu na kuachwa kwa muda, halafu hurudishwa kidogo na kufunguliwa tena, mbele na nyuma, mpaka itii.

Kurudisha plagi mpya ni kugumu kuliko kutoa ya zamani, kwa kuwa hesi hupandana vibaya kwa urahisi pale jicho lisipofika. Njia bora haina gharama: kipande cha mpira wa petroli, cha urefu wa shubiri moja au mbili, huvikwa mkiani mwa plagi na kuzungushwa kwa vidole. Hesi zikikutana sawasawa, plagi huingia. Zikipishana, mpira huteleza kabla chuma hakijadhurika. Spana huja mwishoni tu, kwa kukaza.

Baki waya. Silinda za Ford hiyo huwaka kwa utaratibu wa 1-5-4-2-6-3-7-8. Ya saba na ya nane, zilizo jirani katika injini, hufuatana pia katika kuwaka. Waya zao zikilazwa sambamba, mkondo unaopita katika waya wa saba unaweza kuchochea umeme katika waya wa nane, na silinda ya nane ikapata cheche kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Kwa hiyo waya hizi mbili hutenganishwa, au hupishanishwa kwa pembe mraba. Kisha kizibo cha mpira hurudishwa mahali pake kabla ya zulia, ili joto na harufu ya injini visiingie miguuni mwa wasafiri.