Majina ya watoto wa Kamina



Mama mmoja wa chama chetu alinisimamisha njiani tulipokuwa tunatoka sokoni, akaniuliza: “Mama Mwalimu, jina la mtoto wangu liko wapi?” Nilifikiri anauliza juu ya matokeo ya mtihani. Hapana. Miezi michache mbele ya siku ile, watoto wa kalasi yangu ya tano walikuwa wamecheza mchezo wa mwisho wa mwaka, mchezo wenye nyimbo nyingi. Kijana mmoja mwenye vyombo vya muziki alikuja, akanasa sauti, akatushukuru vizuri, akaenda zake. Kisha tukaanza kusikia nyimbo zile katika telefone za watu. Zilikuwa zinauzwa kwenye meza za wale wanaojaza muziki, na juu yake jina moja tu, la yule kijana. Binti wa yule mama ndiye aliyeongoza wimbo wa kwanza. Avenue yao nzima ilitambua sauti yake. Jina lake halikuwepo, wala la mwenzake yeyote.

Nilimjibu “tutaona”, neno ambalo sisi walimu tunalitumia sana tukikosa jibu. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani, likanikumbusha disiki moja ya zamani iliyotoka hapa kwetu Katanga. Wengi tumeisikia bila kujua ni nini, kwa sababu hata redio huipiga bila kuitaja. Inaitwa Missa Luba.

Habari yake inaanza Kamina. Anayepanda treni hapa Likasi kwenda kaskazini anapita Tenke, anapita Bukama, na akivumilia anafika. Mwaka wa 1953 alifika kule padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen. Aliwasikia watu wakiimba kazini, kwenye vilio, kwenye sherehe, akaona ni vibaya watoto wa shule wafundishwe nyimbo za Ulaya tu huku za kwao zikiachwa mlangoni. Akaunda korale: watoto wanaume kama 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu kama 15. Korale ikapewa jina la mfalme wa Wabelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin.

Hapo nasimama kidogo, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Watu wanapotaja kazi hii wanasema “watoto wa Kamina”, hata mimi nimeandika hivyo hapo juu. Lakini ndani yake walikuwamo walimu 15. Walisahihisha madaftari mchana, jioni wakasimama na wanafunzi wao kuimba. Sauti inayopanda juu ya nyingine zote katika Kyrie ni ya mwalimu, Joachim Ngoi. Ukiipata, sikiliza namna anavyoshika neno moja na kulivuta mpaka unafikiri pumzi itamwishia, halafu korale inampokea kama vile watu wanavyompokea mtu aliyebeba mzigo mzito.

Misa yenyewe iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 mwezi wa tatu 1958. Maneno ni ya Kilatini, kwa sababu wakati ule hakukuwa na ruhusa nyingine. Mtaguso wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za watu katika mwaka wa 1963, na Misa yetu ya Kizaire ilikubaliwa na Roma katika 1988. Kwa hiyo wale watu wa Kamina walichukua Kilatini kama kilivyo, wakakivika nguo za nyumbani. Hawakuimba kwa kusoma nota. Walijua njia ya kila wimbo, nani anaanza na nani anaitikia, na yale ya katikati yalizaliwa palepale, sauti ikijibu sauti. Kinachosikika kwenye disiki ni siku moja tu. Kesho yake wangeiimba kwa namna nyingine.

Nguo zile za nyumbani zilitoka wapi? Sanctus imefuata wimbo wa Baluba wa kuagana, ule unaoimbwa mtu anapoondoka. Hosanna ni mwendo wa ngoma ya Kasai. Agnus Dei inatoka katika wimbo wa Bena Lulua. Na Kyrie, pamoja na Gloria na Credo, zinafuata namna ya kasala.

Wale wa kabila lingine wataniuliza kasala ni nini. Nitawaeleza kama nilivyoifahamu kwa nkambo wangu, mama wa mama yangu, aliyekuwa Muluba wa upande wa Kabongo. Kulipokuwa kilio, wanawake walikaa chini na kitambaa kiunoni, kila mtu na machozi yake. Nkambo alikawia kidogo, kisha akaanza. Haikuwa kuimba kabisa, haikuwa kusema kabisa. Alimwita marehemu kwa jina, halafu kwa jina la baba yake, kwa jina la mama yake, la ukoo, la mto wa kwao, la nkambo aliyevuka mto ule, la kazi aliyofanya na mambo aliyoshinda. Jina juu ya jina. Na wanawake wengine waliitikia. Mimi nilikuwa mtoto, nilichoka, nikamuuliza kwa nini majina ni mengi hivi. Akanijibu kwamba mtu asiyeitwa anapotea njia. Kasala inaimbwa na wanaume pia, na kwenye furaha pia, lakini katika masikio yangu imebaki na sauti ya mwanamke aliyekaa chini.

Sasa munaona kinachonisumbua. Kasala ni kazi ya kutaja majina. Na disiki iliyojengwa juu ya kasala ilizunguka dunia bila majina ya walioiimba.

Mwaka uleule wa 1958 korale ilisafiri Ulaya: Ubelgiji, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, kisha Uholanzi na Ujerumani. Fikiria mtoto wa miaka 10, jana alikuwa anachota maji, leo amesimama mbele ya Wazungu maelfu katika jiji lenye baridi. Kampani ya Philips ikatoa disiki: upande mmoja nyimbo za Kikongo, upande wa pili Misa. Watu wa Ulaya walishangaa. Katika 1964 Pier Paolo Pasolini, mtengenezaji wa filamu wa Italia, aliweka Gloria ndani ya filamu yake juu ya Injili ya Matayo. Katika 1968 Mwingereza Lindsay Anderson akaweka Sanctus ndani ya filamu yake iitwayo If...., na filamu ile ikapata zawadi kubwa kule Cannes katika 1969. Ni hadithi ya wanafunzi wa shule ya matajiri wanaoiasi shule yao. Mmoja wao anapiga Sanctus tena na tena chumbani kwake. Kijana wa Kiingereza mwenye hasira anatafuta faraja kwa watoto wa Kamina! Mwaka ule wa 1969 Sanctus iliuzwa peke yake kule Uingereza, ikaingia katika orodha ya nyimbo zinazonunuliwa zaidi, katikati ya wapiga gitaa wenye nywele ndefu.

Na juu ya karatasi ya disiki? Kuna jina la padri, kuna jina la mfalme ndani ya jina la korale, kuna jina la kampani. Ukibahatika kuna Joachim Ngoi. Wengine ni “korale”. Nota zilipochapwa baadaye, aliyetajwa kuwa mtengenezaji ni Haazen, na wenye elimu ya muziki wamebishana sana kama kazi iliyozaliwa katika vinywa vya watu 60 inaweza kuwa na jina la mtu mmoja. Simlaumu padri kwa kila kitu. Bila yeye, labda nkambo zetu tu ndio wangekuwa mashahidi kwamba nyimbo zile ziliwahi kuwapo. Lakini mtu anaweza kufanya jambo jema na kusahau kuandika majina. Yule kijana mwenye vyombo aliyekuja shuleni kwetu naye alikuwa na adabu nzuri.

Tusiseme kwamba zamani hakuna Mwafrika aliyeandikwa. Hapa hapa Likasi, wakati mji ulipokuwa unaitwa Jadotville, Hugh Tracey alipita katika 1952 na mashine yake ya kunasa sauti, akamkuta kijana wa Bunkeya akipiga gitaa. Akanasa “Masanga”. Na jina likaandikwa: Mwenda Jean Bosco. Ndiyo maana hata leo mtu wa mbali anayejifunza gitaa anataja jina la mwana wa Bayeke. Wakati ulikuwa uleule, wakubwa walikuwa walewale. Mwenda alikuwa mmoja, rahisi kuandika. Watoto 45 wanahitaji kalamu yenye subira.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii, na kwangu ndiyo inayohusu zaidi gazeti la wamama. Katika 1990, miaka 32 baada ya Kamina, Philips ileile ilitoa Missa Luba nyingine. Waimbaji walikuwa Wakenya, Muungano National Choir, wakiongozwa na Boniface Mganga, na pamoja na Misa waliweka nyimbo za makabila ya Kenya. Wengi hupenda kusema kitu cha pili hakifikii cha kwanza. Nilisikiliza zote mbili jioni moja, moja nyuma ya nyingine, watoto wangu wakilalamika kwamba wanataka muziki wao. Ile ya Wakenya imepangwa vizuri zaidi, sauti zimesafishwa, hakuna anayekimbia mbele ya mwenzake. Kwa upande huo ninaipenda kidogo chini ya ile ya kwanza, ambayo inatetemeka kama kitu kinachozaliwa.

Lakini katika ya Wakenya kuna wanawake. Kamina waliimba watoto wanaume na walimu wanaume. Sauti zile za juu zinazotufanya tutoe machozi ni za vijana ambao hazijavunjika bado. Kasala iliyotoka vilioni, ambako mama zetu wanaliongoza lile jina juu ya jina, iliingia kanisani na ikapanda ndege kwenda Ulaya bila mama hata mmoja. Wanawake walibaki Kamina wakisubiri watoto warudi na habari. Ni katika disiki ile ya 1990, ya Wakenya ambao kasala si ya kwao, ndimo mimi nilimosikia sauti za wanawake ndani ya Missa Luba. Nilipozisikia nilipunguza moto chini ya sufuria na kukaa. Bukari ilichelewa siku ile, na mume wangu ni shahidi.

Nirudi kwa yule mama. Nilikwenda kumwona yule kijana, tukaongea bila kelele. Hakuwa na nia mbaya. Alisema hakuna aliyemwambia majina. Hiyo nayo ni kweli, na ilinichoma, kwa sababu mwenye orodha ya kalasi ni mimi. Orodha ninayo kila asubuhi mkononi, ninaisoma kwa sauti, kila mtoto anaitika. Siku ile ya mchezo niliiacha katika meza ya ofisi.

Mwaka huu tutacheza tena. Ni mwendelezo wa mchezo wa mwaka uliopita, maana watoto wenyewe walikataa hadithi iishie pale; wanataka kujua yule binti aliyefukuzwa na mama wa kambo alifika wapi. Nyimbo ni sita, na moja imefundishwa na nkambo wa mwanafunzi mmoja, aliyekuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi la nyuma na fimbo yake, akatusahihisha wote, mimi wa kwanza. Kila atakayekuja kunasa sauti atapewa kwanza karatasi: majina 38 ya watoto, nani anaongoza wimbo upi, nani anapiga ngoma, na jina la nkambo aliyefundisha. Atasaini kwamba majina yatafuata nyimbo popote ziendapo. Asiyetaka, anakaribishwa kukaa na kusikiliza tu. Wazazi wenye maoni juu ya karatasi hiyo waje siku ya posho, saa nane, katika chumba cha chama. Mama mmoja amesema tuongeze neno juu ya feza, na ninakubaliana naye.

Nina ombi la pili. Wale watoto wa 1958 walizaliwa kati ya 1944 na 1949. Watu wa Kamina wametawanyika huku kwa ajili ya reli na kazi za mgodi, na inawezekana kuna nkambo katika moja ya nyumba zetu za Likasi aliyesimama katika mistari ile, au dada yake, au mjane wake anayekumbuka nani alisimama pembeni ya nani. Kama yuko, mwambieni Mama Mwalimu anaomba kumtembelea na daftari. Nitakuja siku ya yenga baada ya misa, na nitaandika taratibu.