Mirathi: Kikao cha Ukoo Peke Yake Hakitoshi

Baada ya matanga, ukoo hukutana na kumchagua mtu wa kusimamia mali za marehemu. Wengi hudhani kuwa muhtasari wa kikao hicho unampa mamlaka ya kuuza kiwanja au shamba la miti. Sivyo. Kikao hupendekeza jina. Mwenye kumteua msimamizi wa mirathi ni mahakama.

Mirathi ya kimila au ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Je, msimamizi ndiye mrithi? Hapana. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa wanaostahili. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe hupaswa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni.

Je, watoto wadogo wanalindwa? Ndiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake aliyefariki.

Mkazi wa Mafinga anayenunua miti au kiwanja cha marehemu adai kwanza barua ya usimamizi. Akinunua kwa ndugu asiyeteuliwa, anaweza kupoteza fedha na mali.

Mjane au yatima anayetishiwa kuondolewa nyumbani amwone mapema Afisa Ustawi wa Jamii, au watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya mwaka 2017, ambao huwahudumia wasio na uwezo bila malipo.