Kidonge cha presha na hadithi ya siku 21

Kila Januari jumbe zinaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: fanya jambo kwa siku 21 mfululizo, nalo litakuwa sehemu ya maisha yako. Utaisikia idadi hiyo kwenye semina za vijana na hata kwenye mahubiri. Chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyefanya upasuaji wa kurekebisha sura. Katika kitabu chake cha mwaka 1960, Psycho-Cybernetics, alieleza kuwa wagonjwa wake walihitaji kwa uchache siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Aliandika alichokiona kwa wagonjwa wake. Hakupima mazoea ya kunywa maji, kutembea wala kumeza dawa, na waliomnukuu baadaye wakaliacha lile neno "kwa uchache".

Vipimo vilikuja miaka karibu 50 baadaye. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwachukua watu 96 waliojitolea, kila mmoja akachagua jambo moja dogo: kula tunda na chakula cha mchana, kunywa maji baada ya kifungua kinywa, kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Walilifanya kila siku kwa wiki 12, huku wakijaza fomu kueleza kama walilifanya bila hata kulifikiria. Kwa wale ambao takwimu zao zilionyesha mwenendo ulio wazi, aliyekuwa katikati ya kundi alihitaji siku 66. Mwepesi kuliko wote alitumia siku 18, na mzito kuliko wote alikadiriwa kuhitaji siku 254.

Yaani anayekata tamaa siku ya 22 kwa sababu bado anajisukuma hana kasoro yoyote. Na kuna tokeo jingine la utafiti huo ambalo ningependa libandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki: kuruka siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Wangapi wameacha kutembea jioni, au wameacha kabisa kunywa dawa, kwa kuwa walisahau Jumatano moja wakaona mambo yameshaharibika?

Ndani ya kichwa, mabadiliko haya yana mahali pake. Ann Graybiel na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts waliwafundisha panya kukimbia kwenye njia yenye umbo la herufi T, huku wakisikiliza seli za neva zilizo ndani sana katikati ya ubongo, kwenye sehemu iitwayo ganglia za msingi. Mwanzoni seli hizo zilifanya kazi safari nzima. Panya alipoizoea njia, kazi yao ilijikusanya mwanzoni na mwishoni mwa mbio, katikati zikatulia. Ubongo umeifunga safari yote kama kifurushi kimoja, na kinachohitajika ni dalili ya kukifungua.

Dalili hiyo ndiyo kiini cha jambo zima, na kwa maoni yangu ndiyo tunayoipuuza mno. Tunahimizana kuwa na nia na msimamo. Hatuulizani kitendo chenyewe kitafanyika wapi, na baada ya nini.

Shangazi yangu wa Tanga ana presha kwa miaka mingi. Kopo lake la dawa hukaa juu ya meza ndogo pembeni ya mswala, na tasbihi imezungushwa juu ya kifuniko. Akishatoa salamu ya alfajiri na kunyoosha mkono kuchukua tasbihi, mkono unagusa kopo. Anameza kidonge na maji ya kwenye birika dogo, kisha anaendelea na nyiradi zake. Ukimwuliza saa tano kama amekunywa dawa, atafikiri kidogo kabla ya kujibu, kwa kuwa kitendo kimepita bila kusajiliwa. Lakini kila akija Dar es Salaam kwenye harusi ya mtu, presha inapanda. Dawa imo ndani ya mkoba, mkoba umo chumbani kwa wifi yake, watu wanalala watano chumba kimoja na alfajiri inaswaliwa popote penye nafasi. Nia yake haikubaki Tanga. Kilichobaki Tanga ni meza.

Nguvu hiyo ya mahali imepimwa pia kwa bisi. David Neal, Wendy Wood na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwapa watu waliokuja kutazama sinema bisi mpya au bisi zilizolala siku saba. Waliozoea kula bisi kwenye sinema walikula zile zilizolala karibu sawa na zile mpya, ingawa walisema wazi kuwa si tamu. Walipopewa bisi za aina ileile kwenye chumba cha mikutano, mazoea hayo hayakufanya kazi. Ukumbi wenye giza ulikuwa ukiwalisha. Kama ukumbi unaweza kumlisha mtu asichokitaka, basi mahali panaweza pia kumfanyia kazi nzuri.

Huko Bangladesh, Robert Dreibelbis na wenzake walilijaribu hilo kwenye shule mbili za msingi za vijijini. Walijenga njia ndogo ya kutoka chooni hadi kwenye sehemu ya kunawia, wakaipaka rangi zinazong'aa na kuchora nyayo juu yake, na viganja vya mikono palepale pa kunawia. Hawakuongeza somo la usafi wala mabango ya kuogofya. Kabla ya hapo wanafunzi asilimia 4 tu walinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Wiki sita baada ya kazi kukamilika walikuwa asilimia 74. Wanaohangaika na vibuyu chirizi vya kunawia mikono mashuleni kwetu wanajua maana ya takwimu hiyo: kibuyu kilichotundikwa nyuma ya jengo hakinawishi mtu, hata wanafunzi wawe wanakariri faida zote za sabuni.

Kwa hiyo njia ya kuanza ni kutafuta jambo unalolifanya tayari kila siku bila kukosa, na kulibandika lile jipya nyuma yake. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mipango ya namna hii: nikishafanya hili, nitafanya lile. Mapitio aliyoyaandika na Paschal Sheeran mwaka 2006, yaliyokusanya tafiti 94, yalionyesha kuwa wenye mpango wa namna hiyo hutimiza malengo yao zaidi ya wenye nia peke yake. "Nitafanya mazoezi zaidi" haina pa kushika. "Nikipanda daladala jioni, nitashuka kituo kimoja kabla ya changu" inapo. Na hatua chache zinahesabika: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, unaotaka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, uliondoa lile sharti la zamani kwamba kila kipindi kifikie dakika 10.

Kuna kinachozidi mahali, nacho ni mtu. Nairobi na Kajiado, wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata ujumbe wa simu kutoka kliniki mara moja kwa wiki, wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au asiyejibu kabisa, alipigiwa simu. Matokeo yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010 yalionyesha kuwa asilimia 62 ya waliopata ujumbe walizingatia dawa, dhidi ya asilimia 50 ya wasioupata. Na virusi vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 57 ya waliopata ujumbe, dhidi ya asilimia 48 ya wasioupata. Ujumbe wenyewe haukutaja dawa hata kidogo.

Utafiti mwingine uliofanyika Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulilinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki. Wa kila wiki ulisaidia: asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa chochote. Wa kila siku haukuleta tofauti. Naamini kengele inayolia kila siku huishia kuwa kelele za simu, ilhali swali la mara moja kwa wiki kutoka kwa muuguzi bado linasikika kama swali la mtu. Mwenye mzazi anayemeza dawa kijijini anaweza kuliiga hilo leo, kwa gharama ya ujumbe mmoja.

Haya yote hayamsaidii mtu ambaye zahanati yake haina dawa, au anayegawa vidonge vya mwezi ili vifike miezi miwili. Huyo hajakosa mazoea, amekosa dawa, na kumhubiria nidhamu ni kumwonea.

Waliofanikiwa kuyajenga mazoea wayalinde pale mahali na saa vinapobadilika: safari, msiba, kuhama nyumba, shule kufunguliwa. Kwa Waislamu, Ramadhani huondoa kifungua kinywa kwa mwezi mzima, na kidonge kilichobandikwa kwenye chai ya asubuhi hubaki hakina pa kukaa. Dawa nyingi za presha za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa futari au daku, lakini zile za kukojoza maji na dawa za kisukari zina hesabu nyingine, na anayeijua ni daktari au mfamasia wako. Hiyo ni kazi ya mwezi wa Shaaban, kopo likiwa mkononi, kabla mwezi haujaandama.