Kutoka Mawe Matatu Hadi Jiko la Gesi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Katika maboma mengi ya Nuu, jiko linalotegemewa zaidi ni mawe matatu. Halinunuliwi, haliharibiki, na linabeba sufuria kubwa ya isyo bila kuyumba. Hata hivyo, zikihesabiwa kuni, saa za kuzitafuta na moshi unaoingia kifuani, jiko hilo la bure huwa na gharama kubwa.

Nuu haiko peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban nyumba 55 kati ya kila 100 nchini Kenya hupikia kuni, 24 hupikia gesi na 12 hupikia makaa. Familia nyingi sasa zinafikiria kubadilisha. Swali ni jiko lipi linafaa boma lipi, na ni gharama gani zitakazofuata baada ya jiko kununuliwa.

Joto linakopotelea

Moto wa mawe matatu uko wazi pande zote, kwa hivyo upepo hubeba sehemu kubwa ya joto. Kwa kawaida, joto linalofika kwenye sufuria ni kati ya asilimia 10 na 15 pekee. Linalobaki hupasha hewa, mawe na ukuta.

Jiko la kuni lililoboreshwa lina kuta za udongo uliochomwa zinazozunguka moto, pamoja na mlango mmoja mdogo wa kuingizia kuni. Nchini Kenya majiko ya aina hii yalianza kuenezwa miaka ya 1980, hasa kupitia vikundi vya akina mama. Likijengwa vizuri na kutumiwa na kuni kavu, hufikisha takriban robo ya joto kwenye sufuria, na matumizi ya kuni yanaweza kupungua hadi karibu nusu. Jiko la gesi hufikisha nusu ya joto au zaidi.

Kwa makadirio ya viwango hivyo, mtungi wa gesi wa kilo 6 hufanya kazi ya takriban kilo 65 za kuni kavu kwenye mawe matatu, au kilo 35 kwenye jiko lililoboreshwa. Mkazi anayenunua kuni anaweza kupima mzigo mmoja kwenye mizani, kuuliza bei ya kujaza gesi katika soko lililo karibu, kisha kulinganisha. Anayeokota kuni mwenyewe alinganishe na saa anazotembea. Mizigo mitatu ya zaidi ya kilo 20 ni siku kadhaa za mama au mtoto kuwa porini.

Moshi si jambo dogo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Moshi huo unahusishwa na nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima unahusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi, magonjwa sugu ya mapafu na mtoto wa jicho. Wanaoumia zaidi ni wanaokaa karibu na moto, yaani anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake.

Jiko la kuni lililoboreshwa hupunguza moshi lakini haliumalizi. Bado jikoni panahitaji dirisha, nafasi kati ya ukuta na paa, au bomba la kutoa moshi nje. Makaa nayo hayana moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata usiku wa baridi wa Julai. Jiko la gesi lina moto safi zaidi, ila nalo litumiwe mahali penye hewa.

Miti ya Ukambani

Mulaa na muuku ni miti inayokua polepole katika ardhi kavu. Ikikatwa kwa siku moja, huchukua miaka mingi kurudi. Januari 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti kwa sababu ukataji ulikuwa umezidi. Kila boma linalopunguza kuni linapunguza pia mzigo ulio juu ya Mlima Nuu na vichaka vinavyouzunguka. Wanaoendelea kutumia kuni wanashauriwa kukata matawi badala ya shina, na kupanda miti mipya mvua ya Novemba inapoanza. Mukau hustahimili ukame na mbao zake zina soko, na matawi yanayopogolewa hufaa kwa kuni.

Gharama inayokuja baada ya jiko

Mtungi wa kwanza ndio ghali kwa sababu mnunuzi hulipia chuma, kichomeo na gesi kwa pamoja. Baada ya hapo hulipia gesi tu. Kodi ya VAT kwa gesi ya kupikia, iliyorudishwa kwa asilimia 16 mwaka 2021 na kupunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, iliondolewa Julai 2023.

Hata hivyo, familia nyingi hununua mtungi, gesi ikaisha mwezi ambao hakuna pesa, na mtungi ukabaki pembeni. Mapato ya ndengu huja msimu wa mavuno, lakini gesi haingoji msimu. Kwa hivyo ni busara kuandika kwenye kalenda siku mtungi ulipoanza kutumika na siku ulipoisha, kisha kuweka akiba kidogo kidogo kila wiki. Vyama vya akina mama vinaweza kutumia merry-go-round kujaza mitungi kwa zamu.

Si lazima kuacha kuni siku moja. Chai, uji, mboga na mayai hupikwa haraka kwa gesi. Isyo na muthokoi huchukua saa nyingi, na hapo jiko la kuni lililoboreshwa linafaa zaidi. Kuloweka maharagwe na mahindi usiku kucha na kufunika sufuria hupunguza muda wa kupika, na hivyo hupunguza kuni au gesi.

Usalama wa gesi

Kanuni za gesi za mwaka 2019 haziruhusu mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya mwenye mtungi. Mitungi inayojazwa kichochoroni haikaguliwi. Mlipuko wa Februari 2024 huko Embakasi, Nairobi, uliotokea katika kituo haramu cha gesi, ulionyesha hatari ya biashara hiyo.

Kabla ya kulipa na kabla ya kuwasha, mkazi anashauriwa:

- Kununua kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA, na kuangalia kwamba kifuniko cha mtungi hakijafunguliwa.
- Kupima mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa juu yake. Ukijumlisha kilo 6 za gesi, jumla ilingane na mizani.
- Kupaka maji ya sabuni kwenye viungio. Mapovu yakitokea, gesi inavuja. Moto wa kiberiti usitumiwe kamwe kukagua.
- Kusimamisha mtungi wima mahali penye hewa. Gesi ni nzito kuliko hewa, hivyo hukusanyika chini, na mtungi usiwekwe shimoni.
- Kubadilisha mpira ulioanza kupasuka.
- Kusikia harufu ni onyo. Funga mtungi, zima moto wowote ulio karibu, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya taa, kisha toa watu nje.

Pa kuanzia

Kwa boma lisilo na pesa za gesi kwa sasa, hatua ya kwanza yenye faida ni jiko la kuni lililoboreshwa, kuni kavu na dirisha jikoni. Linaloweza kumudu mtungi lianze na chai ya asubuhi na chakula cha watoto. Kituo cha Kawi cha Kitui, kilicho chini ya shirika la REREC, huonyesha wakazi majiko yaliyoboreshwa. Vikundi vinavyotaka kujifunza vinaweza kuanza kwa kumwona msimamizi wa kijiji au kufika katika ofisi ya wadi.