Antivirusi ya Zamani na Mfumo Mpya wa Kompyuta

Swali ninaloulizwa mara nyingi siku hizi na wanafunzi wa zamani wa shule yetu ni hili: "Nikitia Windows 11 katika kompyuta yangu, je, antivirusi niliyo nayo itafanya kazi?" Swali hili limezidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure. Wengi hutaka jibu la ndiyo au siyo, nami siwezi kulitoa hivyo. Sharti kwanza tujue antivirusi hukaa wapi ndani ya mashine.

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni sanduku tu la bati na nyaya. Mfumo endeshi ndio mwenye nyumba: ndio ugawao nafasi ya kumbukumbu, ndio ufunguao mafaili, na ndio upelekao maandishi kwenye printa. Katikati ya mfumo huo mna sehemu iitwayo kiini. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua, haziruhusiwi kuingia humo. Zikitaka kitu hubisha hodi na kuomba. Programu ya barua ikifa, hufa peke yake. Lakini jambo likiharibika ndani ya kiini, mashine nzima husimama, kioo chote huwa cha rangi moja, na kazi ambayo hukuihifadhi imepotea.

Basi antivirusi si programu kama nyingine. Kazi yake ni kukagua kila faili kabla halijafunguliwa, na mlinzi aketiye barazani hawezi kumwona mwizi apitaye jikoni. Kwa sababu hiyo, tangu zamani watengenezaji waliingiza kipande cha antivirusi ndani ya kiini chenyewe. Hapo ndipo penye taabu. Mlinzi huyo amezoea nyumba moja. Ajua mlango huu uko hapa na dirisha lile liko pale. Mwenye nyumba akiibomoa na kuijenga upya, mlinzi hunyosha mkono gizani kuutafuta mlango wa zamani. Na ndani ya kiini, kushika pasipofaa ni kuiangusha mashine.

Ugomvi huu una historia yake. Windows Vista ilipokuwa ikitengenezwa, Microsoft iliamua kwamba katika toleo la biti 64 hakuna programu ya nje itakayoachiwa kukibadili kiini. Mwaka 2006 makampuni ya Symantec na McAfee, yaliyokuwa na jina kubwa katika biashara ya antivirusi, yalilalamika kwamba yamefungiwa nje. Mimi naona Microsoft ilikuwa na haki zaidi, maana njia ile waliyoitaka walinzi ndiyo iliyotumiwa na wezi pia.

Mwaka 2018 mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Mwezi wa Januari ilitangazwa kwamba prosesa za kompyuta, yaani zile chipu zifanyazo hesabu, zina kasoro mbili zilizopewa majina ya Meltdown na Spectre. Microsoft ikatoa kiraka cha kuziba. Kumbe baadhi ya antivirusi zilikuwa zikigusa kumbukumbu ya kiini kwa njia isiyokubaliwa, na kiraka kikikutana nazo mashine haiwaki. Kampuni ikaamua kwamba hakuna kompyuta itakayopewa kiraka mpaka antivirusi yake iweke alama ya kuthibitisha kwamba inapatana nacho. Mtu aliyebaki na antivirusi iliyozeeka alinyimwa ulinzi, na aliyesababisha anyimwe ni mlinzi wake mwenyewe.

Tena wote twakumbuka tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilituma faili moja lenye kosa kwa programu yake ya ulinzi, na kwa hesabu ya Microsoft mashine milioni 8.5 zikaanguka duniani. Ndege zilikaa chini, na mafundi walikwenda kutoka mashine hadi mashine kulifuta faili lile kwa mkono. Hapo haukuwa mfumo mpya, lakini sababu ni ileile: kipande cha mlinzi kilikuwa ndani ya kiini. Baada ya hayo Microsoft ilianza kutengeneza njia ya kuziwezesha antivirusi kufanya kazi nje ya kiini, na mwaka 2025 ikatangaza kuwapa watengenezaji waijaribu.

Sasa turudi kwenye Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021. Haina toleo la biti 32 kabisa. Kwa hiyo kipande cha kiini kilichotengenezwa kwa mashine za biti 32 hakiingii humo, hata ukibembeleza. Tena Windows 11 hukagua sahihi ya kila kitakacho kuingia ndani ya kiini, na katika mashine mpya nyingi huwa na ulinzi mwingine wa kumbukumbu unaovizuia vipande vya zamani. Antivirusi ya jina lilelile yaweza kufaa au isifae, kulingana na toleo lake. Kwa mfano, Microsoft yenyewe ilitoa antivirusi iitwayo Security Essentials mwaka 2009, ikatumiwa sana katika Windows 7. Ukijaribu kuitia katika Windows 10 au 11, utakataliwa, ingawa aliyeijenga nyumba na aliyemwajiri mlinzi ni mmoja.

Mimi hutengeneza kompyuta Kamembe, na siku nyingine huja Mibirizi kuvitazama vyombo vya shule. Mwanafunzi mmoja wa zamani, ambaye sasa huweka hesabu za kahawa katika kituo cha kuoshea, alinijia mwezi wa Machi akitaka kubadili mfumo siku ileile. Nilimwuliza kama wakulima wamekwisha anza kuleta kahawa. Akasema ndiyo, na daftari la malipo yao limo katika kompyuta hiyo peke yake. Nilimkatalia. Mashine ikigoma kuwaka siku ya malipo, watu watakaosimama mlangoni ni wazazi wa wanafunzi hawa wasomao gazeti hili, na karo hungoja fedha hizo. Tulikubaliana afanye kazi hiyo baada ya msimu, na tangu siku ile awe akinakili daftari kila jioni kwenye diski ya nje.

Msimu ulipokwisha tulifanya hivi. Kwanza tulitazama katika tovuti ya mtengenezaji kama toleo lake la antivirusi limeandikiwa Windows 11, halikuandikiwa. Tukanakili mafaili yote, na diski tukaichomoa kabisa. Tukaandika kwenye karatasi namba ya leseni, maana alikuwa ameilipia. Kisha tukaiondoa antivirusi ya zamani kabla ya kuugusa mfumo. Hapa watu wengi hupaharakia. Kufuta alama yake kwenye kioo si kuiondoa. Hapana budi kutumia njia ya mfumo wenyewe ya kuondoa programu, na baadhi ya watengenezaji hutoa chombo maalumu cha kufagia mabaki yaliyojificha ndani ya kiini. Tukazima, tukawasha tena, ndipo tukatia Windows 11. Katika muda wote huo hatukuchomeka flashi ya mtu.

Mfumo ulipowaka tuliifungua ile alama ya ngao, nayo ikatuonyesha kwamba Defender inalinda. Hiyo ni antivirusi ya Microsoft, nayo imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Ukitia antivirusi nyingine inayopatana, Defender hujiweka kando. Ukiiondoa, hurudi zamuni. Kwa hiyo usiogope kwamba mashine itakaa uchi. Kwa nyumba na shule, naona Defender yatosha, mradi viraka vyake viletwe kila mara. Anayetaka kununua nyingine anunue moja tu, maana antivirusi mbili zikikaa pamoja kila moja humshuku mwenzake, na mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 hubaki ikihema. Na zile antivirusi zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, mara nyingi ndizo zenye virusi. Enyi vijana, mwanijua nasema na nani.

Imebaki habari ya mashine zisizoweza kupokea Windows 11. Ni nyingi, maana mfumo huo hudai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa za Intel zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017, isipokuwa chache, hukataliwa. Usitazame jina lililo nje, iwe Positivo au HP, tazama prosesa. Katika mwaka 2025 Microsoft iliahidi kuwapa viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 wenye Windows 10 watakaojiandikisha, na kuiletea Defender orodha za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Watu husikia hiyo 2028 wakafurahi. Lakini orodha ya virusi haizibi tundu la ukuta. Mwezi wa Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita katika tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa mwezi wa Machi mwaka huohuo. Mashine zisizozibwa zilifungiwa mafaili yao, na hospitali nyingi za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa.

Njia nyingine ni kutia Linux, kama vile Ubuntu, ambayo ni bure na hukubali mashine nyingi za umri mkubwa. Huko antivirusi ya Windows haifanyi kazi hata kidogo, maana ni lugha nyingine ya nyumba. Ipo ClamAV, hasa ya kukagua mafaili yatakayopelekwa kwa wenye Windows. Chumbani kwa shule mashine mbili zimekwisha geuzwa hivyo. Zile zilizobaki na Windows 10 nimezitoa katika intaneti, nazo hutumiwa kujifunzia kuandika tu. Flashi iliyotoka katika maduka ya kuchapisha ya Kamembe au Bukavu hukaguliwa kwanza katika mashine ya Linux iliyo karibu na mlango, hata ikiwa ni ya mwalimu.